Shahidi wa Chelsea

Kabla Chelsea hajafika Doha, jioni ya Alhamisi ilikuwa ya Jebet.

Alhamisi ndiyo siku ambayo wiki hufikia mwisho kule. Kesho yake ni Ijumaa, ofisi na vyuo vimefungwa, na makanisa mengi husali siku hiyo. Basi Jebet alikuwa akitoka chuoni alasiri, anapita nyumbani Fereej Bin Mahmoud kubadilisha nguo, kisha anatembea mtaa wa nyuma hadi kwa Dada Carolyne, ambaye sebule yake ilikuwa kubwa na mume wake alikuwa mvumilivu. Hapo walikusanyika vijana wa tawi lao la kanisa: wanafunzi, wauguzi wapya, kijana mmoja wa mapokezi ya hoteli. Walikuwa Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao ambao Wakenya wengine huwaita Wamormoni kwa mkato. Kwa kuwa hawagusi pombe, kahawa wala chai, mtu wa nje angedhani jioni yao ni ya kupiga miayo. Kumbe walikuwa wakipiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Walicheza karata. Walikaanga bisi. Walikunywa maziwa ya moto yenye iliki na tangawizi, ambayo Carolyne aliyaita chai ya malaika. Na zaidi ya yote walicheza bubu, ule mchezo ambao mtu anaigiza neno bila kutoa sauti na mwenzake anabahatisha.

Kwenye bubu, Jebet na Mwaura hawakuwa na mpinzani. Mwaura alikuwa mwanafunzi wa kompyuta, mtu wa Thika, mfupi kidogo, mwenye kicheko cha kuambukiza. Alikuwa ametumikia umisionari Kampala miaka miwili kabla ya kuja Doha, na alizoea kusimama mbele za watu. Alikuwa akiinua tu nyusi, Jebet anapaza sauti, "Mwalimu wa hesabu!" na kweli, neno lilikuwa mwalimu wa hesabu. Watu walilalamika kwamba wanapeana ishara za siri. Jebet alikuwa akikana huku moyo wake ukinenepa. Hakuwahi kumwambia Mwaura lolote, na Mwaura hakuwahi kumwambia yeye lolote, lakini kila Alhamisi alipokuwa akirudi nyumbani alihesabu kwamba mambo yanakwenda polepole mahali pazuri.

Kisha Chelsea akamaliza shule ya sekondari, na Mama akamleta.

Mama yao, Emily, alikuwa muuguzi, na alikuwa ameishi Doha muda mrefu kuliko alivyopanga. Baba alibaki Kapsabet na ng'ombe wake. Jebet ndiye aliyetangulia kumfuata mama yake, akaingia chuoni kusomea uhasibu, na sasa mdogo wake naye alikuja kuanza mwaka wa kwanza. Chelsea alikuwa mrefu, mchezaji wa mpira wa vikapu, mwenye miguu na mikono isiyojua wapi pa kukaa. Alikuwa na tabia ya kuingia chumbani mwa mtu na kuanza kuzungumza kana kwamba mazungumzo yalikuwa yameanza jana. Watu walimpenda bila yeye kujisumbua. Ilikuwa hivyo tangu utotoni. Jebet angefua sare za shule za wote wawili, na shangazi angeingia na kusema, "Chelsea, mbona umependeza hivyo?"

"Unaenda wapi?" Chelsea aliuliza Alhamisi yake ya kwanza.

"Kwa watu wa kanisa. Hutapapenda. Hakuna hata chai."

"Kuna chakula?"

"Kuna bisi."

"Ngoja nivae viatu."

Ndivyo alivyoingia kwa Carolyne, akainama mlangoni ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kumtosha, akasalimia kila mtu kwa mkono kama mwanasiasa. Mchezo ulipoanza, Carolyne akasema mgeni apewe mshirika hodari ili asiaibike, na kabla Jebet hajajitolea kumchukua mdogo wake, Mwaura alikuwa tayari amesogea kando kwenye kochi. "Njoo hapa. Mimi nitakuongoza."

Chelsea alipewa neno bata mzinga. Alichofanya na shingo yake na ile mikono mirefu hakielezeki. Kijana wa hoteli alimwaga maziwa. Mwaura alianguka kwenye zulia akishika mbavu, na hata baada ya kupata jibu hakuweza kulitamka. Jebet alicheka pia, maana ilikuwa haiwezekani kutocheka, lakini alicheka huku akitazama ile nafasi kwenye kochi ambapo yeye huketi.

Alhamisi iliyofuata hakuna aliyeuliza nani atacheza na nani. Chelsea na Mwaura walikaa pamoja. Jebet akacheza na mume wa Carolyne, ambaye alibahatisha "gari" kwa kila kitu.

Ingekuwa ni Alhamisi tu, pengine angevumilia. Lakini Chelsea alianza kwenda pia siku ya Ijumaa, kwenye vila ambako tawi lilisali, akivaa sketi ya Jebet iliyomfika juu ya magoti na kuivuta chini wakati wote wa sala. Mama alikuwa na kanisa lake la kawaida, la nyimbo na matari, na alikuwa ametarajia kwamba binti wa pili angeandamana naye. Chelsea alienda naye mara moja, akasema pazuri, kisha akarudi upande wa dada yake. Akaanza kufundishwa. Mwaura na Carolyne ndio waliomfundisha, mezani kwa Carolyne, na Jebet alialikwa kuketi nao. Aliketi. Aliona jinsi Chelsea alivyouliza maswali ambayo yeye hakuwahi kuthubutu kuuliza, na jinsi Mwaura alivyoyafurahia hayo maswali.

Halafu ikaja habari ya chai.

Jebet alipobatizwa, akiwa msichana wa shule anayeishi na shangazi yake Nairobi, kuacha chai kulimtesa kuliko kitu kingine chochote. Kichwa kilimuuma kwa wiki kadhaa. Akienda likizo Kapsabet, kila nyumba ilimwekea kikombe mbele, na kila nyumba alilazimika kueleza upya, na bibi yake alidhani amegombana na ukoo mzima. Alikuwa amelia kwa ajili ya ile chai. Ilikuwa sehemu ya vita yake, na kwa siri alijivunia.

Chelsea alisikia somo la Neno la Hekima, ile sheria yao ya vinywaji, siku ya Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi akaingia jikoni, akamwona Mama ameshammiminia kikombe, akakisukuma taratibu upande wa pili wa meza.

"Mama, mimi nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Chai."

Ikawa ndiyo mwisho wake. Hakuumwa kichwa. Hakulia. Akachukua maji, akala mkate, akaenda chuoni akiimba. Mama alibaki anatazama vikombe viwili. "Sasa nitakunywa na nani?" alimwuliza Jebet, na hakuwa anatania.

Jebet hakuweza kusema kwamba dada yake amefanya vibaya. Alichokuwa nacho ni hasira ya mtu aliyepanda ngazi zote kwa miguu, akafika juu akihema, akamkuta mwenzake ametoka kwenye lifti.

Jioni moja, Chelsea akiwa bado chuoni, Jebet alimfuata Mama alikokuwa akipiga pasi sare zake.

"Mama, unajua kwa nini Chelsea anataka kubatizwa?"

"Si anasema ameomba, akapata jibu?"

"Hilo jibu linaitwa Mwaura."

Mama alisimamisha pasi. "Nani amekwambia?"

"Naona. Kila mtu anaona. Akishakosana na huyo kijana utamkuta hapa anakunywa chai kwa sufuria. Mwambie angoje, Mama. Akikua kidogo ndipo afanye. Wewe ukisema atasikia."

Mama aliigeuza sare upande wa pili, akainyoosha kola kwa vidole. "Na wewe? Ulipokuwa kwa shangazi yako, ulianza kwenda kule kwa sababu gani?"

Jebet alianza kwenda kwa sababu kanisani walikuwa wakifundisha watoto kinanda bila malipo, na kinanda chenyewe hakukijua hadi leo.

"Baba yenu alininunia mwezi mzima kwa ajili yako," Mama aliendelea. "Nikamwambia mtoto ameamua. Sasa huyu nimzuie kwa kosa gani?"

"Sijasema umzuie."

"Umesema hivyo hivyo. Nipe hanga."

Jebet akampa hanga, akaenda chumbani, akajitupa kitandani uso ukiwa moto. Alijua amefanya jambo baya. Alijua pia kwamba kama Mama angekubali, angefurahi. Haya mambo mawili yalikaa ndani yake bega kwa bega na hakuna lililomsukuma mwenzake.

Siku chache baadaye Chelsea aliingia chumbani, akalala chali kwenye kitanda chake, akaegemeza nyayo ukutani kama kawaida yake.

"Tarehe imepatikana," alisema. "Ijumaa ijayo, baada ya ibada. Kwa ile familia ya Al Thumama yenye bwawa la kuogelea."

"Vizuri."

"Nimemwomba Mwaura anibatize."

"Nilijua."

"Inatakiwa mashahidi wawili. Wa kuangalia kama nimezama mwili wote. Dada Carolyne mmoja." Akausugua ukuta kwa kisigino. "Na wewe."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hakuna kosa langu ambalo macho yako yamewahi kulikosa," Chelsea alisema, akacheka.

Jebet alitafuta kama kulikuwa na mwiba ndani ya kile kicheko. Hakuupata. Akasema sawa.

Ijumaa ile upepo wa Januari ulikuwa ukivuma, na vumbi jepesi lilikuwa limeufanya mji mzima uwe na rangi ya unga wa mtama. Kampaundi ilikuwa karibu na uwanja wa ndege, hivyo ndege zilipita chini, na kila zilipopita Rais Athanas, kiongozi wa tawi, alikatiza maneno yake na kungoja huku akitabasamu. Viti vya plastiki vilipangwa ukingoni mwa bwawa. Vijana wote wa Alhamisi walikuwepo. Mama alikuwepo pia, amevaa gauni lake la harusi za watu, ameshika mkoba mapajani kwa mikono yote miwili. Hakuwa amefurahi na hakuwa amekasirika. Alikuwa amekuja.

Mwaura alitangulia kushuka ngazi za bwawa, amevaa nyeupe toka shingoni hadi miguuni. Maji yalimfika kifuani. Alishtuka kwa baridi, akajifanya hakushtuka. Chelsea akamfuata, naye katika nyeupe, akipiga yowe dogo lililofanya watu wacheke. Ndani ya maji ilionekana wazi jinsi alivyomzidi Mwaura kimo. Mwaura alimwonyesha jinsi ya kushika pua na jinsi ya kumshika yeye mkono, akimnong'oneza jambo, na Chelsea akaitikia kwa kichwa, macho yake yakiwa makubwa na ya utulivu.

Jebet alisimama ukingoni upande wa miguu. Carolyne alisimama upande wa pili, kwenye kichwa. Kazi ilikuwa moja tu: kutazama. Lakini Jebet alikuwa akitazama ule mkono wa Mwaura mgongoni mwa dada yake. Hakuwahi kuushika mkono ule isipokuwa kwa salamu. Aliona aibu kwa kuwaza hivyo mahali hapo, na aibu haikumzuia kuendelea kuwaza.

Mwaura akainua mkono wa kulia. Akasema maneno ya ubatizo, taratibu, kwa sauti iliyotulia, akitaja jina lote la Chelsea, hata Cherotich lake la nyumbani. Kisha akamlaza nyuma.

Maji yakamfunika uso, yakafunika kifua, na papo hapo ile miguu mirefu ikapanda. Kidole gumba cha mguu wa kushoto, chenye rangi nyekundu aliyoipaka juzi, kikachomoza juu ya maji. Kikakaa hapo, wazi kabisa, kikazama. Na Mwaura alikuwa tayari anamwinua Chelsea, maji yakimwagika pande zote, watu wakivuta pumzi kwa furaha na wengine wakijifuta machozi.

Mwaura akamtazama Carolyne. Carolyne alikuwa akifuta miwani yake, maana maji yalikuwa yamemrukia. "Nimeona kichwa na mabega, vyote vimezama," alisema. "Huko miguuni anajua Jebet."

Mwaura akamtazama Jebet, tayari akitabasamu.

Hapo ndipo Jebet alipoelewa amewekwa mahali gani. Ilikuwa ni kidole. Akisema sawa, hakuna mtu chini ya lile anga angejua. Chelsea angetoka kwenye baridi, Mama angepumua, keki ingekatwa. Akisema hapana, nani angeamini? Mama alikuwa ameketi pale, Mama aliyeombwa na yeye mwenyewe auzuie ubatizo huu. Mwaura angedhani ni gubu. Na jambo baya zaidi ni kwamba yeye mwenyewe, kwa nukta moja, hakujiamini. Je, alikiona kidole kwa sababu kilitoka, au alikiona kwa sababu alikuwa amekaa akingoja kitu kiharibike?

Akakitafuta tena akilini. Kilikuwepo. Chekundu, kinang'aa, na tone likiteleza pembeni.

"Kidole cha mguu kilitoka," alisema.

Ndege ikapita, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wakashukuru kelele zake.

"Una hakika?" Rais Athanas aliuliza ndege ilipokwisha kupita. Hakuuliza kwa ukali.

"Nina hakika. Gumba la kushoto."

Nyuma, kwenye viti, mtu akanong'ona kwa sauti iliyofika mbele, "Huyu naye ana macho ya trafiki," na wachache wakacheka kicheko cha kuficha. Jebet hakugeuka. Lakini aliona uso wa Mama. Mama alikuwa akimtazama yeye, wala si Chelsea, na yale macho yalikuwa yakiuliza swali ambalo Jebet alilijua vizuri.

"Shahidi akisema hivyo tunarudia," Rais Athanas alisema. "Hakuna ubaya. Kaka Mwaura, mwambie akunje magoti."

Mwaura hakutabasamu tena. Chelsea alikuwa akitetemeka, meno yakigongana, lakini hakumtazama dada yake kwa lawama. Alimtazama tu kama mtu anayesubiri kuambiwa azungushe usukani upande gani. Mwaura akainua mkono upya, akasema maneno yote upya, na safari hii Chelsea akakunja magoti, akashuka mzima mzima kama jiwe jeupe. Jebet alitazama miguu na hakutazama kingine chochote. Hakuna kilichotoka.

"Sawa," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Mwaura alipotoka majini akiwa amejifunika taulo, alipitia alipokuwa Jebet. "Ungeniashiria tu, kimyakimya."

"Ningeashiria vipi? Si uliniuliza mbele ya watu?"

"Sijui. Lakini nimebatiza watu wengi Kampala, na sijawahi kurudishwa." Akaenda zake akiacha nyayo za maji kwenye vigae.

Maneno yale yalimuuma Jebet, lakini yalimwonyesha pia kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa Mwaura wakati wa bisi na vicheko. Alikiweka akiba, akaenda kumsaidia mdogo wake.

Chelsea alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameketi kwenye benchi katika zile nguo nyeupe zilizomganda mwilini, anatetemeka kama mbuzi wa mvua. Jebet akamfunika taulo kichwani, akaanza kumkausha rasta moja moja.

"Kweli kilitoka?" Chelsea aliuliza kutoka chini ya taulo.

"Kilitoka."

"Haya."

"Haya tu? Huniulizi mara mbili?"

"Ukisema kilitoka, kilitoka." Akafunua uso. "Jebet, Mama aliniambia. Ile siku ya pasi."

Mikono ya Jebet ikasimama. Nje walikuwa wakisogeza viti, na mtoto wa wenyeji alikuwa akililia keki. "Alikwambia lini?"

"Usiku ule ule. Unamjua Mama, hawezi kulala na neno la mtu."

"Na bado ukaniomba niwe shahidi?"

"Nilikuwa nimekasirika. Nilitaka kumwomba Valerie, yule muuguzi wa Alhamisi, wala hatuelewani sana, lakini nilitaka tu asiwe wewe." Chelsea alivuta kamasi. "Halafu nikafikiri, wote hawa wananipenda. Nikifanya nusu watasema nimefanya yote. Nilitaka mtu mmoja ambaye hatanionea huruma."

Jebet akaketi kando yake, benchi likalowa, sketi yake ikalowa. "Nilikuwa na wivu," akasema. "Bado ninao. Hapa mahali palikuwa pangu, Chelsea. Nyumbani wewe ni wewe, shuleni wewe ni wewe. Hapa nilikuwa mimi. Ukaja, ukaacha chai siku moja."

"Nilikuwa nataka ufurahi."

"Najua. Hilo ndilo linaniudhi."

Chelsea akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na Mwaura?"

"Na Mwaura pia."

"Aki, Jebet. Sikujua. Hukuwahi kusema."

"Sasa nimesema."

Chelsea akaukaza mdomo wake, akitazama vidole vyake vya miguu vilivyojikunja kwa baridi. Angeweza kusema uongo wenye huruma, na Jebet alikuwa ameshajitayarisha kuupokea. "Sitakudanganya leo, siku kama hii," Chelsea alisema. "Mimi pia nampenda. Si sababu ya kuingia kwangu. Lakini nampenda."

Lile neno lilimwingia Jebet pale pale alipoogopa lingemwingia. Hata hivyo aliona afadhali. Kwa wiki nyingi alikuwa akipigana na kitu gizani, na sasa angalau mtu alikuwa amewasha taa, hata kama kitu chenyewe kilikuwa kikubwa kama alivyofikiri.

"Basi tutaona," alisema. "Vaa, utapata homa. Mama atasema ni kanisa."

Walitoka pamoja. Watu wakamkumbatia Chelsea, mmoja baada ya mwingine, na Jebet akasimama kando akiwa ameshika lile taulo lililolowa, roho ikimuuma kidogo kwa kila kumbatio. Mama akaja, akamwondolea taulo mkononi, akalikunja.

"Kilitoka?" Mama aliuliza chini kwa chini.

"Kilitoka, Mama."

Mama alilibana taulo kwapani. "Mimi nilikuwa nimefumba macho," alisema. "Niliogopa atakunywa maji." Kisha akamshika mkono, akampeleka kwenye keki.

Mambo yalivyokwenda baadaye hayakumpendeza mtu yeyote moja kwa moja. Mwaura alianza kumtoa Chelsea matembezi, mara ufukweni Corniche, mara kula wali wa mandi na wenzao, na Jebet alikuwa akimsikia mdogo wake akitafuta hereni asubuhi ya Jumamosi na kujifanya amelala. Zilikuwa Jumamosi ndefu. Lakini muhula haukuwa umekwisha Chelsea alipoanza kubaki nyumbani. Alisema Mwaura ni mtu mzuri, ila ukimshinda karata ananyamaza mpaka ufike mlangoni. Jebet alikuwa amengoja habari ile kwa hamu, akidhani ingemfurahisha. Ilimfurahisha, kidogo, kwa kama nusu ya jioni. Kisha akaona mdogo wake anavyokula bila kuzungumza, akamsongea ugali na kumkaangia samaki bila kuombwa. Naye mwenyewe, alipomtafuta Mwaura moyoni mwake, alikuta amebaki kama jina la mtu aliyewahi kucheza naye bubu vizuri.

Siku za Alhamisi waliendelea kwenda wote wawili. Carolyne sasa alipanga washirika kwa kupiga kura, na siku nyingine akina dada walijikuta pamoja, wakashindwa vibaya sana, maana kila mmoja alitaka kuigiza.

Lakini kwenye yale majira ambayo Jumamosi zilikuwa ndefu, Jebet alikuwa amegundua kitu. Katika jumba moja la maduka kulikuwa na uwanja wa barafu, na asubuhi za wanafunzi bei ilikuwa nafuu. Aliingia mara ya kwanza kwa sababu hakutaka kukaa nyumbani. Alianguka, akaanguka tena, akashikilia ukuta kama mtoto anayeanza kusimama, huku watoto wadogo wa Kihindi na Kilebanoni wakimpita mbio. Nje jua lilikuwa linapasua mawe, na yeye alikuwa humu ndani na glavu, pua imeganda. Alirudi wiki iliyofuata. Akarudi tena. Sasa aliweza kuzunguka uwanja wote bila kugusa ukuta, na alikuwa ameanza kujifunza kurudi nyuma.

Jumamosi moja alikuwa akifunga kamba za viatu mlangoni, Chelsea akatokea na kikombe cha maji mkononi.

"Nimesikia unateleza kwenye barafu. Aki, ngoja nije! Nivae nini?"

Jebet aliendelea kufunga kamba. Aliona jinsi ambavyo ingekuwa: Chelsea na miguu yake mirefu, anaanguka mara moja, anacheka, watu wote wa uwanja wanacheka naye, na kabla ya adhuhuri anateleza kuliko mwalimu.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Usije. Hii ni yangu."

Chelsea alishusha kikombe chake. Ilionekana imemuuma, na Jebet aliacha imuume bila kuharakisha kuifuta. Jikoni Mama alikuwa akikoroga sukari kwenye kikombe chake.

"Haya," Chelsea alisema hatimaye. "Lakini ukivunjika mguu usinipigie simu."

"Nitampigia Mama."

"Mama anaingia zamu sasa hivi."

"Basi nitakupigia," Jebet alisema, akachukua glavu zake na kufungua mlango, joto la nje likampokea usoni.